Jeraha lisilotisha

Wagonjwa wanaoniuma zaidi ni wale waliofika hospitali ya wilaya wakiongea. Kijana wa bodaboda anateleza jioni kwenye changarawe bila helmeti, anazimia dakika chache, anazinduka. Anaulizia pikipiki yake, anakunywa chai. Anashonwa kijeraha juu ya sikio, anapewa Panadol, anaambiwa akapumzike nyumbani. Alfajiri mama yake anamtikisa haamki. Anakoroma, na mboni ya jicho la kulia imetanuka; ukiimulika haisinyai.

Mfupa wa hapo juu ya sikio ni mwembamba, na ndani yake umepita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka, mshipa huweza kuchanika, damu ikajikusanya kidogo kidogo kati ya fuvu na utando wa ubongo. Fuvu la mtu mzima halitanuki, basi kinachobanwa ni ubongo. Ile nafuu ya saa chache ndiyo inayotudanganya.

Aliyepigwa rungu, fuvu likabonyea na damu ikatapakaa, hupewa rufaa haraka kwa sababu kila mtu amestuka. Hata mkwezi aliyedondoka mnazini hushughulikiwa upesi. Huyu wa kijeraha kidogo ndiye anayeachwa. Na sisi madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Tanzania ni wachache, wengi tuko Dar es Salaam. Anayeletwa kutoka mbali akiwa ameshaanza kukoroma, mara nyingi hunikuta nimechelewa.

Wenzangu mlioko wilayani, maneno "fahamu nzuri" kwenye fomu ya rufaa hayanisaidii. Andikeni alama za Glasgow, kipimo cha fahamu; aliye macho kabisa hupata macho 4, maneno 5, kujongeza viungo 6, jumla 15. Rudieni kila nusu saa. Zikishuka mbili, pigeni simu usiku huohuo, CT skani iwepo isiwepo. Mpeni oksijeni, namba ya juu ya presha isishuke chini ya 90. Na tafadhali, sindano za steroidi "za kupunguza uvimbe" acheni: utafiti wa CRASH wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba majeruhi wa kichwa waliopewa methiliprednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, walikufa zaidi.

Majuzi saa nane usiku tabibu mmoja alinipigia akanisomea: 15, 15, 14, 12. Hakueleza zaidi, wala sikumuuliza. Nilisikia ambulensi ikiunguruma nyuma yake, nikaamka kuita watu wa chumba cha upasuaji.