Kaburi la Gede na Mafaili ya Upanga

Anayetafuta historia ya watu wa zamani wa pwani na bara ana vyanzo vitatu: makaburi, nyaraka na wazee. Katika magofu ya mji wa kale wa Gede, karibu na Malindi, Kenya, lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 kwenye chokaa yake. Ni mwaka wa Hijria. Ukitaka kujua ni lini kwa Miladia, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: utapata kama 1400, na hesabu kamili ni 1399. Kizimkazi Dimbani, Unguja, msikiti una maandishi ya mwaka 500. Piga hesabu hiyohiyo, utafika 1107.

Nimeanza na Gede kwa sababu Wareno waliishi Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na maandishi yao hayautaji mji huo. Anayetegemea karatasi peke yake angedhani palikuwa msitu mtupu.

Lakini makaburi nayo yana upendeleo. Nguzo za mawe juu ya makaburi ya Kaole, karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, Dar es Salaam, zilizopachikwa bakuli za Kichina, ni za watu wenye uwezo. (Bakuli nyingi zimebanduliwa, yamebaki matundu ya duara, na kila tundu ni habari iliyoibwa.) Mtumwa hakujengewa nguzo. Yeye mtafute kwenye nyaraka: amri ya Aprili 1897 ilipoondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, waliokwenda mahakamani kudai uhuru wao waliandikwa majina. Kwa wengi wao, mstari huo mmoja ndiyo alama pekee iliyobaki.

Kwa Tanzania Bara, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Majalada ya Wajerumani yameandikwa kwa mwandiko wa kale unaomtoa jasho hata Mjerumani wa leo, kwa hiyo anza na vitabu vya wilaya vya maofisa wa Kiingereza. Humo mna koo, machifu, mipaka na kodi. Visome kwa tahadhari: aliyeandika alitaka kutawala na kukusanya kodi, na majina aliyaandika kama alivyoyasikia. Tafuta kila jina kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria. Hata Gede wengine wameiandika Gedi.

Kabla ya kuingia makaburini, omba ruhusa kwa wenye makaburi au wasimamizi wa msikiti au kanisa. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni huziinua herufi zilizofutika. Piga picha, pima, chora ramani ya kila kaburi na jirani yake, kwani ndugu mara nyingi huzikwa pamoja. Nakuomba sana usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala usipake saruji. Nia njema ya mchana mmoja inaweza kufuta maandishi ya karne sita.

Kisha kaa na wazee. Kaburi lisilo na jiwe wao wanalijua kwa mbuyu ulio karibu nalo. Andika wanachosema, nani kasema, na siku gani, wiki hiihii.