Kwa Nini Kiwanda cha Karatasi Chakavu Hakifuati Jaa la Taka?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jiji likitaka kuvutia kiwanda cha kuchakata karatasi chakavu linahitaji mambo mawili tu, yaani kiwanja na taka nyingi. Nairobi inakadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku, na jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, bado linapokea malori. Nilijiuliza kwa nini wawekezaji hawapigani vikumbo kupata nafasi kando yake. Nilikuwa nimekosea, na kosa hilo linafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu maneno mengi yanayosemwa kuhusu utajiri uliomo kwenye taka yamejengwa juu yake.

Kosa ni kudhani kwamba taka ni malighafi. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki ya vyakula na mimea, na katoni iliyotupwa asubuhi katika mfuko mmoja na ugali uliolala, nyanya zilizooza na majani ya chai huwa imelowa na kulainika kabla lori halijafika. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, kwa kuwa karatasi huchakatwa ndani ya maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Yakishaingia katika nyuzi za karatasi hubaki humo, yakaacha madoa na sehemu dhaifu. Kwa kiwanda, karatasi iliyofika Dandora kwa njia hiyo imekwisha kupotea, hata kama macho yetu bado yanaiona.

Wanaofuga ng'ombe watalielewa jambo hili haraka. Mkulima mmoja akileta maziwa yaliyochacha, nayo yakamiminwa katika mtungi wa wote, mtungi mzima umeharibika, na ndiyo maana maziwa hupimwa kabla ya kuchanganywa wala si baada. Tena kiwanda cha maziwa hakiridhiki na habari kwamba wilaya fulani ina ng'ombe wengi; kinauliza nani atakusanya, saa ngapi, na kama barabara itapitika wakati wa mvua. Karatasi ni vivyo hivyo. Mnunuzi wa chakavu pale Kariobangi, mtaa wa Nairobi, hana kipimo cha maabara, lakini kabla ya kuweka gunia kwenye mzani huingiza mkono hadi kiwiko na kubonyeza karatasi za katikati, kwa sababu zile za juu hukauka upesi na maji yaliyofichika chini yatalipiwa kwa bei ya karatasi.

Baada ya hapo karatasi hubanwa kuwa marobota, yaani mafungu makubwa, ambayo kiwandani huingia katika pipa kubwa lenye mapanga yanayozunguka, ambamo karatasi husambaratishwa ndani ya maji hadi iwe rojo. Rojo hilo hutandazwa juu ya wavu, hukamuliwa, kisha hukaushwa kwa mitungi ya chuma iliyojaa mvuke, na nyuzi zinapokauka hushikana upya. Mtambo huo hukimbia usiku na mchana. Ukisimama kwa kukosa marobota, joto lote lililotumika kuuandaa limepotea. Kwa hiyo mwekezaji huona afadhali tani chache zinazofika kila siku kuliko mlima usio na ratiba.

Kila duru ya kuchakata pia hufupisha nyuzi. Kwa kawaida husemwa kwamba hustahimili duru tano hadi saba, ingawa idadi hiyo hubadilika kulingana na aina ya karatasi na jinsi ilivyochakatwa. Hapa ndipo viwanda vinavyohusiana huanza kuitana, jambo ambalo kwangu ndilo la kuvutia kuliko yote. Karatasi nyeupe za ofisini hufaa kwa tishu, katoni kuukuu hurudi kuwa katoni, na mchanganyiko dhaifu uliokataliwa na wote hao hutosha kwa trei za mayai. Kiwanda kimoja kikija peke yake hulipia daraja moja tu la karatasi, na mkusanyaji hubaki na mzigo usio na mnunuzi. Vikija vitatu, gunia zima lina soko, na safari ya mkokoteni inalipa.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye, magharibi mwa Kenya, kilichojengwa kando ya Mto Nzoia katika miaka ya 1970, kilifuata miti na maji. Kiwanda cha karatasi chakavu hufuata watu, kwa sababu ofisi, maduka makubwa na wachapishaji ndio msitu wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inadai kwamba taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapozaliwa, na kama lori moja litaendelea kuzichanganya tena njiani, msamaha wa kodi kwa wawekezaji hautaikausha katoni iliyolowa.

Chandaria Industries, inayotengeneza tishu kwa karatasi chakavu, iko Baba Dogo, kilomita chache tu kutoka Dandora, na ukaribu huo ndio ulionipotosha. Tishu ni nyepesi mno, hujaza lori kabla ya kulilemea, kwa hiyo kuisafirisha mbali ni kulipia hewa. Inafaa itengenezwe karibu na wanaoitumia, na wengi wao wako Nairobi.