Mabega Yako Yako Wapi Sasa Hivi?

Kabla hujaendelea kusoma, baki hivyo hivyo ulivyokaa, usijirekebishe. Mabega yako wapi? Meno ya juu na ya chini yanagusana? Tumbo umeliachia au umelibana? Ukitulia na simu mkononi bila kazi yoyote, meno hayana sababu ya kugusana. Wengi nikiwauliza hivi hugundua wameyauma tangu asubuhi.

Katika chumba chetu cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, alikuja fundi cherehani mmoja, shingo inamuuma na kichwa kinamgonga kila jioni. Nikamwambia, "Mama, legeza mabega." Akajibu, "Nimeshalegeza, daktari." Mabega yalikuwa karibu kugusa hereni. Wala hakuwa ananidanganya: alikuwa ameyabeba juu kwa muda mrefu hadi akaona hapo ndipo mahali pake. Nikamwomba ayapandishe zaidi, ayashikilie kidogo, halafu ayaachie yaanguke. Yakashuka vidole viwili chini ya pale yalipokuwa mwanzo. Akashusha pumzi, akasema, "Kumbe!"

Hiyo "kumbe" ndiyo tiba inapoanzia. Msuli ambao hujui kwamba umekaza huwezi kuulegeza, hata uambiwe mara mia "tulia". Daktari Edmund Jacobson wa Chicago, Marekani, aliliona hili zamani. Watu waliolala kitandani wakiamini wamepumzika, misuli yao ilikuwa bado inafanya kazi chini chini. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu njia yake ya kukaza na kuachia, na mpaka leo sisi wa fiziotherapia na wenzetu wa saikolojia tunaitumia.

Zoezi lake la kwanza ni dogo mno. Laza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini. Sasa nyanyua kiganja tu, vidole vielekee juu, mkono wenyewe ubaki mezani. Kile kinachovuta kwenye kifundo sicho tunachokitafuta. Sikiliza juu zaidi, upande wa juu wa mkono karibu na kiwiko: pana hisia hafifu, kama kitu kimejikusanya. Huo ndio mkazo. Ushikilie kwa sekunde tano au sita, kisha acha kiganja kianguke chenyewe. Usikishushe taratibu, maana kukishusha ni kazi nyingine. Kaa nusu dakika ukifuatilia ile hisia inavyoyeyuka. Ukishaijua hapo, utaitambua kwenye taya, kwenye paji la uso, hata tumboni. Huna haja ya kukaza kwa nguvu. Anayekaza sana hupata mkakamao wa misuli, hasa kwenye mashavu ya miguu.

Kuhusu pumzi, jaribu mwenyewe badala ya kuniamini. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono chini ya kidole gumba, vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Ukivuta, mapigo huharakisha kidogo, ukitoa, hupungua. Kwa vijana hilo huonekana wazi, umri ukienda hufifia. Inayofanya hivyo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi kwenye moyo na kuupunguzia mwendo. Ndiyo maana tunasisitiza kutoa pumzi kwa muda mrefu, wakati watu wengi hukazana kuivuta.

Na akili? Itakimbilia kodi ya nyumba, ada, ujumbe ambao haujajibiwa. Iache iende, halafu irudishe kwenye nyayo: sakafu ni ya baridi au ya joto? Uzito umeegemea kisigino au vidole? Waliosoma madrasa wanakumbuka walivyofundishwa kwamba rukuu, kule kuinama kwenye swala, haitimii mpaka viungo vitulie mahali pake. Kwa hiyo wazo hili si geni kwetu kama wengine wanavyodhani.

Si kila mtu anapata utulivu kwa njia hii, na hili husahaulika. Aliyepitia ukatili au ajali akifumba macho na kuusikiliza mwili anaweza kupatwa na hofu kali. Kama ni wewe, acha macho wazi, tazama kitu kimoja chumbani, na mweleze mtaalamu. Dawa za presha usiziache kwa sababu umejifunza kupumua. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, ganzi ya miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, hayo si ya mazoezi: nenda hospitali mara moja.

Watu huniuliza wafanye saa ngapi. Dakika kumi jioni zinafaa, lakini wengi huzikosa kwa uchovu. Yule fundi alipata njia yake bila kuniuliza. Kila uzi wa chini unapoisha, inambidi asimamishe cherehani. Hapo huachia mabega kwanza, ndipo anatia uzi mwingine.