Pumu ya mtoto na mitishamba ya Kichina: maswali ya wazazi wa Tanga

Mama mmoja wa Ngamiani alifika kliniki akiwa amempakata mwanawe wa miaka 4, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na kopo dogo la unga wa rangi ya hudhurungi, lenye karatasi iliyojaa maandishi ya Kichina matupu. Hakulitoa mpaka alipoulizwa kwa mara ya tatu, kwa sababu mahali pengine alipowahi kulitaja alikaripiwa. Maswali yafuatayo ni yake pamoja na ya wazazi wengine waliotaka kuuliza jambo hilohilo bila kufokewa.

Je, dawa hizi zina nguvu yoyote, au ni maneno ya wauzaji tu?

Baadhi zina nguvu ya kweli. Mmea mashuhuri kuliko yote katika dawa za Kichina za kifua unaitwa ma huang, nao umetumiwa huko kwa karne nyingi. Mwaka 1885 mkemia wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, alitenga kutoka kwenye mmea huo kemikali inayoitwa efedrini, na katika miaka ya 1920 watafiti Chen na Schmidt, waliokuwa wakifanya kazi Peking (Beijing ya leo), walieleza jinsi inavyofanya kazi mwilini. Baada ya hapo madaktari wa nchi nyingi waliitumia kutibu pumu kwa miongo kadhaa, mpaka zilipopatikana dawa kama salbutamoli, ambazo hufungua njia za hewa bila kuusukuma moyo kiasi kile. Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba mwanawe alipata nafuu baada ya kunywa dawa yenye ma huang hajidanganyi.

Sisi wa mwambao tunao ushahidi mwingine wa karibu zaidi. Dawa mseto ya malaria, ambayo karibu kila nyumba hapa imewahi kuitumia, asili yake ni mtishamba wa Kichina, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyotokana na mmea huo. Lakini tukumbuke ilivyokuwa: kiini cha mmea kilitolewa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa wagonjwa, kisha kikawekwa kwenye kidonge chenye kipimo kinachojulikana. Unga wa kwenye kopo haujapitia njia hiyo.

Kama ina nguvu, kwa nini basi mtoto asipewe?

Kwa sababu nguvu hiyo haijui mipaka ya mwili wa mtoto mwenye kilo 15. Efedrini huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na humnyima mtoto usingizi. Akipewa siku hiyohiyo pamoja na salbutamoli, au pamoja na vidonge vya pumu vya aminofilini ambavyo bado vimezoeleka kwetu, dawa mbili au tatu huusukuma moyo uleule kwa wakati mmoja. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004, baada ya taarifa za watu wazima waliopata shambulio la moyo na kiharusi.

Ma huang pia haiji peke yake. Katika mchanganyiko wa kale wa kifua huwekwa kokwa chungu za aprikoti, ambazo zikizidi kipimo hutoa sayanidi mwilini, na mizizi mitamu ya gan cao, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza madini ya potasiamu katika damu. Salbutamoli nayo, ikitumiwa kwa wingi, huyapunguza madini hayohayo. Yapo pia makosa ya kubadilisha mmea mmoja kwa mwingine: mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene waliharibikiwa figo, kwa kuwa mahali pa mmea uliokusudiwa uliwekwa mwingine wenye sumu iitwayo asidi ya aristolokiki. Waliopewa ni watu wazima, na waliowapa walikuwa wahudumu wa kliniki.

Mwanangu alitulia ndani ya siku tatu tu, hata mashavu yakajaa. Hiyo si dalili ya kupona?

Swali hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mtishamba halisi mara chache hutuliza pumu sugu kwa kasi hiyo, na mashavu kujaa ghafla kama mpira, pamoja na njaa isiyo ya kawaida, ni dalili inayojulikana ya steroidi za kumeza, yaani dawa kali za hospitali za kupunguza uvimbe. Wachunguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamezikuta steroidi, na wakati mwingine theofilini, ambayo ni dawa ya pumu ya hospitali, ndani ya unga na vidonge vilivyouzwa kama mitishamba mitupu. Mnunuzi anadhani anakunywa majani, kumbe anakunywa dawa ya hospitali ambayo hakuna aliyempimia.

Steroidi za kumeza zina kazi yake. Daktari huziandika kwa siku chache mtoto anapobanwa sana. Zikitumiwa kwa wiki nyingi bila kujulikana, tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo hulala, mifupa hudhoofika na mtoto hushambuliwa na maradhi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, ukishaona mashavu hayo, usiikatishe dawa ghafla kwa hofu, maana mwili uliozoea unaweza kuanguka; mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo pamoja na kopo lake.

Je, kuna utafiti wowote uliofanywa?

Upo mwingi, hasa wa huko China, ingawa sehemu kubwa ni midogo na haikupangwa kwa namna inayozuia upendeleo. Mmoja unaostahili kutajwa ulichapishwa mwaka 2005: watu wazima 91 wenye pumu waligawanywa makundi mawili, moja likapewa mchanganyiko wa mimea mitatu uitwao ASHMI na jingine vidonge vya prednisoni, ambayo ni steroidi ya kumeza, kwa wiki 4. Mapafu ya makundi yote mawili yaliboreka, ila ya waliokunywa vidonge yaliboreka zaidi kidogo. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini hayakuhusu watoto, na wiki 4 si muda wa kutosha kuujua ugonjwa wa miaka mingi.

Naogopa inhela. Majirani wanasema mtoto akishaizoea hataiacha, tena inaua moyo.

Pumu ni uvimbe wa ndani ya njia za hewa, na uvimbe huo huendelea hata siku ambazo mtoto anacheza vizuri. Inhela ya kutuliza, ambayo mara nyingi ni ya bluu, hulegeza misuli kwa saa chache tu. Ya kuzuia, yenye beklometasoni, ambayo ni steroidi ya kuvuta, hupunguza uvimbe wenyewe, na ndiyo inayopaswa kutumiwa kila siku kama daktari ameiandika. Mtoto haizoei kama mtu anavyozoea tumbaku. Ugonjwa unabaki, na dawa inabaki pamoja nao. Ni kweli kwamba inhela ya kuzuia inaweza kupunguza kimo cha mtoto kwa kama sentimita 1, na mzazi ana haki ya kuelezwa hivyo, lakini kiasi kinachovutwa kifuani ni kidogo sana kikilinganishwa na kinachomezwa, achilia mbali kile kilichofichwa kwenye unga.

Watu wengi husema inhela haifanyi kazi kwa sababu dawa yote inaishia kooni. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi na kavu, toboa kitako chake tundu linalolingana kabisa na mdomo wa inhela, kisha chomeka inhela hapo. Itikise, mtoto aizungushie midomo shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, naye avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6. Iwapo dawa inatakiwa mara mbili, rudia yote tangu kutikisa. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ichuruzike yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunata ukutani. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso. Baada ya dawa ya kuzuia, asukutue mdomo.

Na asali, kujifukiza?

Asali haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka 1. Kumfukiza mtoto juu ya sufuria ya mkaratusi kumewaunguza wengi, wala hakufungui njia za hewa zilizovimba. Chetezo cha udi na jiko la mkaa vitolewe kwenye chumba anacholala. Kwa nyumba nyingi za kwetu, hilo peke yake huweza kumpunguzia mtoto kikohozi cha usiku.

Nimesikia yote, lakini bado nataka kuendelea na dawa ya Kichina.

Basi endelea kwa uwazi. Uliza iwapo mtoa dawa na dawa yenyewe vimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo msingi wake ni sheria ya mwaka 2002. Kataa dawa isiyoandikwa viambato kwa lugha unayoisoma. Usiipunguze dawa ya kuzuia ili kuijaribu nyingine, kwa sababu vifo vingi vya pumu hutokea pale dawa ya kuzuia inapoachwa, na iwapo mtoto atafanyiwa upasuaji, utaje mtishamba huo mapema kwa mtaalamu wa dawa ya usingizi.

Ni wakati gani nisisubiri?

Usisubiri ikiwa mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, akilegea na kusinzia, au ile sauti ya filimbi kifuani ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika. Mpe inhela ya kutuliza kwa ile chupa kama ulivyoelekezwa, uirudie kila baada ya dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu zaidi. Usimnyweshe kitu chochote. Kopo la unga lichukue, hata kama ni saa nane ya usiku na unaona haya, kwa kuwa daktari wa zamu atahitaji kujua mtoto alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.