Kitabu Alichotunga Mwanao Hakihitaji ISBN

Shule zikifungwa Aprili, sehemu ya watoto maktabani mwetu hujaa, na ikifika tarehe 23, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, huwa hapana pa kukaa. Tunashukuru. Lakini malalamiko nayo huja yaleyale: mtoto kachana kitabu, mtoto "hasomi, anatazama picha tu", mtoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, mbona hapewi vitabu vizito. Tumeona heri tuyajibu kwa maandishi.

Mtoto wa miaka mitatu anayetazama picha anasoma. Akishika kitabu juu chini, akiruka kurasa, akirudi kwa yule papa, mwacheni. Akitaka hadithi ileile kila usiku, msomee ileile. Akikukamata umeruka mstari atakurudisha, na hapo ujue kashika. Kinachomfukuza ni kugeuza kila ukurasa mtihani: "Hii herufi gani? Na hii?" Tuisheni ya umri huo hatuna, wala hatutaianzisha.

Anayechana vitabu mpeni kazi ya kuvitengeneza. Kunja karatasi nne za A4 pamoja katikati, utapata kurasa 16. Jalada ni katoni yoyote iliyo safi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Hiyo ni kazi ya mtu mzima. Sindano ianzie ndani, itoke tundu la kati, iingie la juu, ipite ndani hadi la chini na kutoka, kisha irudi ndani kwa lile la kati, ufunge fundo. Stepla hatuishauri, maana hewa yetu ya chumvi hutia pini kutu na kutu huingia karatasini. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi, ila mende nao huipenda.

Maneno yatoke kwa mtoto, mzazi ni karani tu. Amepanda feri ya Likoni, akirudi anasema: "Feri ilikuwa na njaa, ikafungua mdomo, ikala magari, halafu ikayatapika." Andika hivyohivyo. Wazazi wengi hapo hufuta na kuweka "Feri ilibeba magari", kisha wanashangaa mtoto ameinuka kwenda kucheza. Jina lake liwe kwenye jalada, achore mwenyewe, na usiku msomee kitabu chake kama unavyomsomea vingine.

Sasa ISBN. Tunaulizwa kila mara, na jibu halijabadilika: kitabu cha nyumbani hakihitaji. ISBN ni namba ya tarakimu 13 ya kutambulisha kitabu kinachochapishwa na kusambazwa. Kwa wachapishaji wa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na baada ya tarakimu za mwanzo, 978, utaona 9966 au 9914. Kila toleo huwa na yake. Jalada gumu namba yake, jalada laini namba yake. Haimpi mtu hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mchoro wa mwanao ni kazi yenye ulinzi tangu alipouchora, bila fomu yoyote. Sheria hiyohiyo humlinda pia mwandishi wa kitabu ulichoazima, kwa hivyo kukipeleka saiba kikapigwe fotokopi chote, nakala zigawiwe au ziuzwe darasani, ni kosa linaloweza kuleta faini au kifungo. "Ni kwa ajili ya watoto" si ruhusa.

Kuhusu uharibifu, kila tawi lina taratibu zake, kwa hivyo ulizia mezani kabla ya kuazima. Kwa kawaida mtoto huazima kwa dhamana ya mzazi au mlezi, na kitabu kikipotea hulipwa nakala ileile au thamani yake. Ukurasa ukichanika, kirudishe pamoja na kile kipande. Tafadhali msibandike selotepu! Huwa ya manjano, gundi yake huvuja, na ukurasa wa pili hunasa. Tungependa kupokea kipande kwenye bahasha kuliko ukarabati huo.

Kitabu kikilowa maji, usikianike juani, kitapinda. Weka karatasi kavu zisizo na wino katikati ya kurasa, uzibadilishe zikilowa, kisha ukilaze chini ya kitu kizito. Kikishaota kuvu, kifunge ndani ya mfuko na utwambie unapokirudisha, kisiende kuambukiza rafu nzima.