Una Watoto Wangapi? Kwa Mzazi Aliyefiwa na Mtoto

Swali hili huulizwa kwa nia njema kabisa, kwenye foleni, kazini au kwenye kikao cha wazazi. Mama mmoja ninayemhudumia katika kitengo chetu cha ushauri nasaha aliulizwa hivyo miezi minne baada ya kumzika binti yake wa miaka sita. Akajibu, "Wawili." Mazungumzo yakaendelea, yeye akaomba radhi, akaenda kujifungia chooni na kulia. Alijiona amemkana mwanawe. Amekubali nikisimulie kisa chake bila kumtaja jina.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila aliyefiwa, na kila aliye karibu naye, anahitaji kulijua jambo hili: kifo cha mtoto hakimvui mtu umama wala ubaba. Ukimtazamia mzazi huyu kwamba siku moja "atasahau", unamtakia kitu ambacho mwenyewe anakiogopa kuliko kilio.

Sisi wataalamu nasi tulichelewa kulielewa. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeasisi tiba ya nafsi kwa mazungumzo, aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kujitenga taratibu na aliyekufa, mpaka moyo uwe huru kupenda tena. Januari 1920 akafiwa na binti yake, Sophie. Aprili 1929, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, ambaye naye alikuwa amefiwa na mwana. Alimwambia kwamba makali ya msiba hupoa lakini pengo halizibiki, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa maana hiyo ndiyo njia ya kuliendeleza pendo tusilotaka kuliacha. Nimewasomea wazazi wengi maana ya barua hiyo, na wengi hushusha pumzi.

Wengine huja wakiuliza wako hatua ya ngapi. Wamesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, kuzama kwenye huzuni, kisha kukubali. Hatua hizo zilielezwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hakuwa anawapangia wafiwa ngazi ya kupanda. Kwa hiyo ukiwa na hasira leo, kesho ukatulia, keshokutwa hasira ikarudi, hujashindwa kitu. Maelezo yanayofanana zaidi na ninayoyaona ni ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, waliyoyatoa mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi: mara anazama kwenye msiba, mara anashika shughuli za maisha, na kule kuyumba kwenyewe ndiko kunakomponya. Unaweza kucheka na wenzako saa nne, saa sita ukaona kiatu cha saizi ileile dirishani ukaishiwa nguvu za miguu. Kicheko cha saa nne si usaliti. Mwili unapumzika ili uweze kubeba.

Na mwili hubeba kwelikweli. Usingizi hukatika, kifua hubana, mtu anasahau sufuria jikoni na jina la jirani. Lakini kuna jambo moja ambalo akina mama wengi hawaambiwi na mtu. Aliyejifungua mtoto mfu, au aliyepoteza mtoto saa chache baada ya kuzaliwa, kwa kawaida maziwa yake yatajaa kati ya siku ya pili na ya nne. Mwili haujui kwamba hakuna wa kunyonya. Mama anaamka blauzi imelowa, na hakuna aliyemtayarisha. Avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa cha baridi, na kama maumivu yamezidi akamue kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa kuwa kukamua mpaka yaishe kunauagiza mwili utengeneze mengine. Asijifunge kwa kitambaa cha kukaza, maana maziwa yanaweza kuziba na kuleta uvimbe. Titi likiwa jekundu na lenye joto, au homa ikipanda, aende hospitali. Dawa za kukausha maziwa zipo, ila aandikiwe na daktari. Na tafadhali, asiwepo wa kumwambia kwamba huyu "hakuishi kitu". Msiba haupimwi kwa umri wa marehemu.

Kinachowatesa wazazi kwa muda mrefu kuliko yote, kwa ninavyoona, ni neno "ningejua". Ningejua ningempeleka usiku uleule. Ningejua nisingemruhusu atoke. Akili inayotazama nyuma tayari inajua mwisho wa kisa, kwa hiyo kila dalili inaonekana wazi kama mchana. Huwa nawaomba wazazi wachukue karatasi na waandike yale tu waliyoyajua saa ile: mtoto alikuwa na homa kidogo, alikunywa uji, alicheza na mdogo wake, akalala. Baba mmoja aliandika mistari mitano, akaisoma mara mbili, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu mwingine akimwonyesha karatasi ile asingemlaumu. Tulikaa kimya kwa muda. Hatia yake haikuisha siku hiyo, lakini ilipata mpinzani. Na pale ambapo kweli palikuwa na kosa, nalo lizungumzwe na mtu anayeweza kusikiliza bila kuhukumu, kwa sababu kosa lililofichwa huzidi kuota mizizi.

Wanandoa wengi hutishwa kwamba ndoa ikifiwa na mtoto lazima ivunjike. Utafiti hauungi mkono dai hilo. Kilicho kweli ni kwamba wawili hawa mara nyingi hawaombolezi kwa namna moja. Mmoja anataka kuzungumza kila usiku, mwenzake anatengeneza uzio mpaka giza linaingia, na kila mmoja anadhani mwenzake hana uchungu. Tengeni hata robo saa kwa siku, mmoja aseme na mwingine asikilize bila kurekebisha chochote.

Watoto waliobaki waambiwe ukweli kwa maneno ya moja kwa moja. Ukimwambia mtoto kwamba kaka yake "amelala" au "amesafiri", ataogopa kulala, au atamngoja. Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui wala hasikii maumivu. Walio chini ya miaka mitano bado hawaelewi kwamba kifo hakina kurudi, ndiyo maana watauliza tena kesho na keshokutwa. Jibu vilevile. Kisha mwambie wazi kwamba halikuwa kosa lake, hata kama hajauliza.

Vitu vya marehemu havina haraka. Kama kuna shati ambalo hutaki kulifua kwa ajili ya harufu yake, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na ulihifadhi. Ndugu wasije wakaondoa kitanda kwa huruma wakati mzazi hayupo nyumbani.

Nanyi mnaofariji, maneno kama "utazaa mwingine" au "Mungu amempenda zaidi" yaacheni. La pili linaweza kuwa nguzo likitoka moyoni mwa mfiwa mwenyewe. Likitoka kinywani mwa mgeni, mara nyingi humfunga mdomo. Mtajeni mtoto kwa jina. Hamtamkumbusha, kwani hajasahau. Na njooni mwezi wa tatu, watu wakishatawanyika, mkiwa na jambo mahususi: "Jumamosi nitawachukua watoto mpaka jioni."

Ipo huzuni inayohitaji matibabu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inatambua huzuni ya muda mrefu kuwa tatizo la kiafya: imepita angalau miezi sita, tena kupita kiasi kinachotarajiwa katika jamii ya mhusika, shauku ya marehemu imeshika kila siku, na mtu hawezi kufanya kazi wala kuwatunza walio hai. Asingoje miezi sita yule anayesema angependa kumfuata mwanawe. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari, na mfikishe kwenye huduma ya afya siku hiyohiyo.

Yule mama tulimsaidia kuandaa majibu mawili. Kwa mtu wa kupita njia, "wawili nyumbani", bila kujihukumu. Kwa mtu anayetaka kumwamini, idadi yote. Mwaka uliofuata mzazi mwenzake shuleni alimuuliza, naye akajibu, "Watatu. Wa kati amefariki." Yule mwenzake hakubadili mada. Aliuliza jina lake, kisha akauliza alikuwa anapenda nini. Mama akamweleza kuhusu kuchora, na jinsi binti yule alivyokuwa anawapa hata kuku kope ndefu, na wakachelewa kuingia kwenye kikao.