Askari wa akiba akiitwa kambini wakati wa ghasia

Ghasia zinapowashinda polisi, mwanajeshi aliyekwisha kuvua magwanda huanza kujiuliza kama anaweza kuitwa tena. Jibu limo kwenye karatasi zake za kuondokea jeshini. Kama masharti yake ya kazi yalimweka kwenye akiba, yaani miongoni mwa wanaoweza kuitwa tena, kwa miaka fulani, wajibu unabaki mpaka miaka hiyo iishe, hata kama siku hizi anauza mitumba sokoni Gikomba, Nairobi. Na akiba ya jeshi isichanganywe na askari wa akiba wa polisi, ambao wako chini ya Huduma ya Taifa ya Polisi na sheria yake.

Mwito huja ghafla. Afrika Kusini, Julai 2021, uporaji ulipoenea katika majimbo ya KwaZulu-Natal na Gauteng na kuua watu zaidi ya 300, mkuu wa jeshi la nchi kavu aliwataka askari wote wa akiba waripoti alfajiri ya tarehe 15. Aliyekuwa hajui sare yake iko wapi, au aliyebadilisha namba ya simu bila kuarifu kikosi, alikuwa amechelewa tayari.

Wapo wanaoamini kuwa wakiona jeshi limetumwa kinyume cha Katiba, wanaweza kukaa nyumbani tu. Hilo ni kosa la hatari. Hapa kwetu Kenya, Kifungu cha 241 cha Katiba kinadai idhini ya Bunge la Taifa kabla ya jeshi kurejesha amani penye machafuko. Idhini hiyo ilitolewa tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, na waliopinga hatua hiyo walikwenda Mahakama Kuu. Huko ndiko uhalali unakopimwa. Amri ya kumpiga risasi raia asiye na silaha ni jambo jingine kabisa: kutii amri iliyo haramu waziwazi hakumkingi askari.

Anayekosa kuripoti hukabiliwa na moja ya makosa mawili: kutokuwepo bila ruhusa, au kutoroka jeshi, ambalo ndilo zito zaidi. Kinachoyatenganisha ni nia, na nia husomwa kwenye vitendo. Kuzima simu, kuhama chumba usiku au kuvuka mpaka wa Busia kuingia Uganda huonekana kama nia ya kutorudi. Kukaa kimya wiki nzima pia. Ndugu anayemficha naye anaweza kushtakiwa.

Kwa hiyo, ukipata ujumbe wa mwito WhatsApp, usiupuuze wala usiuamini hivihivi. Piga simu kikosini au fika lango la kambi iliyo karibu, ukiwa na kitambulisho na namba yako ya jeshi. Ukiwa mgonjwa, tafuta ripoti ya daktari siku hiyohiyo, ipeleke kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Maelezo ya mdomo kwa sajini unayemfahamu hayatakusaidia.

Aliyekwisha kuchelewa ajisalimishe mwenyewe, na ahakikishe saa aliyofika imeandikwa, kwa sababu anayejileta hupimwa tofauti na anayekamatwa. Mahakama ya kijeshi ni mahakama kamili, hivyo ana haki ya wakili na ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Jambo la kwanza wakili wake adai ni kumbukumbu za kikosi: mwito ulitumwa lini, kwa njia gani, na kwa anwani ipi.